Nyuso Zilizofichwa Ukutani

Mtu afikapo Goma kwa mara ya kwanza, jambo la kwanza analoliona ni weusi wa mji. Kuta ni nyeusi, nyua ni nyeusi, hata vumbi la njiani ni jeusi. Sababu yake kila mtoto wa shule hapa aijua: mji umejengwa juu ya mawe yaliyotapikwa na Nyiragongo, tena kwa mawe hayo hayo. Tarehe 17 Januari 2002 mto wa moto ulishuka mlimani, ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, ukameza mitaa ya biashara, sehemu ya uwanja wa ndege, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Uji ule ulipopoa na kuwa mwamba, wenye nyumba walirudi na nyundo, wakaupasua, wakajenga tena kwa jiwe lile lile lililowafukuza.

Basi, ndugu msomaji, siku moja upitapo mtaani simama kidogo utazame kuta hizo. Utaona jinsi mwashi alivyochagua jiwe la kufaa pahali pake, jiwe na jiwe mwenzake, na jinsi alivyolainisha saruji katikati yao mpaka ukuta ukawa kama ngozi ya kobe. Pengine, karibu na msingi au juu ya mlango, utaona tarakimu za mwaka na herufi mbili tatu, zilizokwaruzwa kwa msumari saruji ilipokuwa ingali mbichi. Hiyo ndiyo sahihi ya mwashi. Sura yake haimo. Hata sanamu ya rangi ya dhahabu ya msukuma chukudu, ile iliyosimama katika makutano ya barabara na ambayo kila mgeni huipiga picha, imewekwa kwa heshima ya wasukumaji wote, si ya fulani mwana wa fulani.

Nimeanza na mawe yetu kwa kuwa nataka kusimulia habari za desturi moja ya waashi wa ng'ambo, ambayo haikuweza kuzaliwa hapa. Jiwe la Nyiragongo ni gumu, tena lina vitundu kama mkate. Halipendi kuchongwa pua wala kope. Lakini katika nchi nyingi za Ulaya makanisa makuu yalijengwa kwa mawe laini ya chokaa au ya mchanga, ambayo fundi mwenye tindo kali aweza kuyachonga karibu kama mti. Basi mafundi hao, pamoja na kuchonga watakatifu, majani, simba na mashetani, walichonga pia watu waliowajua: tajiri aliyetoa fedha, askofu, mwenzao wa kazi, na mara nyingine nafsi zao. Wengi wa watu hao hawakuwekwa mahali pa kuonekana upesi. Wamo juu ya nguzo, chini ya mimbari, au nje darini, mahali ambapo njiwa huwatazama kuliko watu.

Nuremberg, katika nchi ya Ujerumani, liko kanisa la Mtakatifu Laurenti. Ndani yake imo tabernakulo ya jiwe iliyochongwa na fundi Adam Kraft pamoja na wasaidizi wake kati ya mwaka 1493 na 1496. Kimo chake chakaribia mita 20, na jinsi inavyopanda ndivyo inavyozidi kuwa nyembamba, hata ncha yake hujikunja chini ya dari kama chipukizi la mmea. Ukiinamisha macho kutoka huko juu mpaka sakafuni, utaona watu wa mawe waliopiga magoti, nao wamebeba mzigo wote huo mabegani. Mmoja ana ndevu, amevaa mavazi ya kazi, na mikononi ameshika nyundo na tindo. Huyo ni Kraft mwenyewe. Jambo la ajabu ni kwamba baada ya miaka michache tu, yapata mwaka 1525, waamini wa mji ule walifuata mafundisho ya Luther, na kanisa limekuwa lao hata leo. Wala hawakuibomoa tabernakulo. Kwa hiyo yule fundi angali amepiga magoti pale pale.

Huko Praha, mji mkuu wa Ucheki, mambo ni tofauti kidogo, nami napenda habari hii kuliko ya Nuremberg. Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Vito, juu ya matao yanayozunguka altare, kuna njia nyembamba ukutani. Kando ya njia hiyo zimechongwa sanamu 21 za vichwa na mabega ya watu, kati ya mwaka 1374 na 1385. Yumo Kaisari Karoli wa Nne aliyeamuru kanisa lijengwe. Wamo wazazi wake na wake zake wanne, maana alifiwa mara tatu. Wamo maaskofu wakuu. Wamo mapadre waliosimamia hesabu za ujenzi. Na katika safu hiyo hiyo, kwa ukubwa ule ule, wamo mafundi wawili: Matthias wa Arras, aliyeanza kazi akafa mwaka 1352, na Peter Parler, aliyeitwa Praha akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, naye ndiye aliyeiendeleza. Msomaji afikiri vema maana yake. Zamani zile mtu wa kazi ya mikono alijua pa kukaa na pa kusimama mbele ya mfalme. Lakini huko juu mwashi hakuwekwa chini ya Kaisari hata kwa kipimo cha kidole. Kweli, mtu asimamaye chini kanisani hawaoni vizuri. Na huenda hiyo ndiyo sababu jambo hilo liliwezekana.

Yafaa niseme hapa kwamba si kila kisa cha namna hii ni cha kusadikiwa. Viongozi wa wageni katika miji ya Ulaya hupenda kuonyesha sura hii na ile, wakasema, "Huyu ni fulani, naye alichongwa kwa sababu aligombana na mjenzi." Mengi ya hayo ni hadithi za kupendeza watalii. Vienna, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano, yumo mtu wa jiwe achunguliaye dirishani chini ya mimbari. Kwa miaka mingi alisemwa kuwa ni fundi Anton Pilgram, na sasa wataalamu wana shaka. Shaka hiyo haimgusi Pilgram wa pili, aliye katika kanisa hilo hilo chini ya kinanda cha zamani, ameshika bikari na kipimo cha pembe, na mwaka 1513 umeandikwa hapo.

Wako pia waliojitukuza bila haya nyingi. Viollet-le-Duc, aliyelitengeneza upya kanisa la Notre-Dame la Paris katika karne ya 19, alizunguka mnara wake mwembamba kwa sanamu za shaba za Mitume kumi na wawili. Kumi na mmoja wanautazama mji. Mmoja tu, Mtakatifu Tomaso, ameupa mji mgongo, ameinua macho kuutazama mnara, naye ana uso wa Viollet-le-Duc. Sanamu zile ziliteremshwa ili zisafishwe tarehe 11 Aprili 2019, na siku nne baadaye mnara ukaanguka motoni. Hivyo mjenzi aliokoka, na kazi aliyokuwa akiistaajabia ikateketea, ikabidi ijengwe upya.

Kisa kilicho karibu nasi zaidi ni cha Lyon, Ufaransa. Nyumba zetu za mabati humwaga maji ya mvua popote, lakini makanisa yale makubwa yana milizamu ya mawe, yaani mikono mirefu itokezayo darini ili kutupa maji mbali na ukuta yasiuoze. Milizamu hiyo huchongwa kama wanyama wa kutisha wenye vinywa wazi. Ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane la Lyon ilikuwa imelika kwa uzee, ikapasa kuchongwa mingine. Mwaka 2010 mchongaji Emmanuel Fourchet aliupa mmoja wa milizamu hiyo sura ya rafiki yake Ahmed Benzizine. Bwana Benzizine ni mtu wa asili ya Algeria, Mwislamu, aliyekuwa kapita wa kazi ya kulitengeneza kanisa lile kwa zaidi ya miaka thelathini. Chini ya sura yake yakaandikwa maneno "Mungu ni mkubwa", kwa Kifaransa na kwa Kiarabu.

Kikundi kimoja cha vijana wa siasa kali kilikasirika, kikapiga kelele kwamba kanisa limetiwa unajisi. Wakuu wa kanisa wakajibu kwa utulivu kwamba ni desturi ya tangu zamani wajenzi kuachwa katika mawe waliyoyajenga. Mimi naona jibu hilo latosha. Mtu aliyepanda jukwaa kila asubuhi kwa miaka thelathini, wakati wa baridi na wakati wa jua, akichunga jiwe la nyumba ya sala isiyo ya dini yake, amelijua kanisa lile kuliko wengi waliobatizwa ndani yake. Na mvua inyeshapo, maji yapita kinywani mwa sanamu ile, ukuta ukabaki mkavu. Kazi yake haijamwachilia.

Lakini msomaji asidhani kwamba kuhifadhi sura ya mtu katika sanamu ni akili ya Ulaya peke yake. Nchini mwetu Kongo, huko Kasai, Wakuba walichonga sanamu za mti za wafalme wao ziitwazo ndop. Mfalme amekaa, amekunja miguu, uso wake ni mtulivu, macho yamefumbwa nusu. Ukiweka ndop kadhaa pamoja, nyuso zake zafanana kama za ndugu, kwa sababu mchongaji hakutafuta pua ya mtu wala kovu lake. Alitafuta ufalme wenyewe. Je, atambuliweje huyu na yule? Kwa alama iliyochongwa mbele ya magoti yake. Shyaam, yule mfalme mashuhuri wa karne ya 17, mbele yake kuna ubao wa bao. Kila mfalme ana alama yake, na alama hiyo ndiyo jina lake. Wakuba hawakujali sana kama sura imefanana, ila jina halikupotea.

Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu liko jumba moja ambamo mambo yamegeuzwa: sura zimo, majina hayamo. Nalo ni la watu wetu.

Mgeni akitoka Brussels hupanda tramu namba 44, ipitayo katikati ya msitu wa miti mirefu mpaka Tervuren. Hapo liko Jumba la Makumbusho ya Afrika ya Kati, lililochorwa na Mfaransa Charles Girault na kufunguliwa mwaka 1910. Ni jumba la fahari, kama ikulu, na mbele yake kuna bustani na maji. Aliyeliagiza ni Leopold wa Pili, ambaye hakuishi kuliona likifunguliwa. Alikufa Desemba 1909. Lakini herufi L mbili zilizopeana migongo, alama ya jina lake, zimechongwa mahali 45 katika jengo hilo. Mwashi wa Praha aliridhika na kichwa kimoja gizani.

Chini ya kuba kubwa kuna ukumbi wa mviringo wa marumaru, na ukutani katika vishubaka zimesimama sanamu za shaba zilizopakwa dhahabu. Zimechongwa na Mbelgiji Arsène Matton. Moja yaitwa "Ubelgiji waleta ustaarabu Kongo", nyingine "Ubelgiji waleta usalama Kongo", na kadhalika. Katika sanamu hizo Ulaya ni kubwa na yenye mavazi. Mwafrika ni mdogo, yu uchi, pengine ni mtoto aliyeshikilia vazi.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo wageni wengi hupita wasilijue. Mwaka 1911 Matton alitumwa Kongo, na huko alichukua nakala za plasta za watu walio hai. Kazi yenyewe hufanywa hivi: mtu hufumba macho na kinywa, hupakwa plasta mbichi usoni, huachiwa pumzi ya pua tu, naye hana budi kutulia mpaka plasta igande, nayo igandapo hupata joto. Ikibanduliwa, ndani yake umo uso mzima wa mtu huyo, pamoja na makunjo yake na kope zake zilizofumbwa. Hakuna picha iliyo kweli zaidi ya hiyo. Kraft alijichonga kwa hiari yake, na Benzizine alichongwa na rafiki. Lakini wale waliolala chini ya plasta walikuwa chini ya serikali ya koloni, na yule aliyesimama mbele yao na ndoo alitumwa na serikali. Nani miongoni mwao angesema hapana? Nao wale waliomo katika dhahabu ile ukutani hawakuitwa kwa jina la mtu. Waliitwa Kongo.

Majina yapo Tervuren, lakini ni ya wengine. Katika ukumbi mmoja ukuta mrefu umeandikwa majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo kati ya mwaka 1876 na 1908. Siwaonei wivu wafu. Kila mmoja alikuwa na mama. Ila ukuta ule haukuwa na jina hata moja la Mkongo.

Jumba lilifungwa kwa matengenezo mwaka 2013, likafunguliwa tena Desemba 2018, na hapo ilizuka shida. Jengo ni urithi unaolindwa na sheria ya nchi; sanamu za dhahabu haziruhusiwi kuondolewa. Basi fundi wa kwetu, Aimé Mpane, mzaliwa wa Kinshasa, akaweka katikati ya ukumbi kichwa kikubwa cha Mwafrika kilichotengenezwa kwa mbao, chenye matundu matundu ambamo mwanga hupita. Baadaye, mwaka 2020, yeye na mwenzake Mbelgiji Jean-Pierre Müller walitundika mbele ya sanamu zile mapazia 16 mepesi yenye picha. Ukitazama, waona sanamu ya zamani nyuma na picha mpya mbele, zote mbili pamoja. Wako wanaosema ingefaa dhahabu ile iyeyushwe. Mimi naona pazia ni jawabu la mtu mwenye akili, kwa kuwa mtoto akiuliza kilicho nyuma yake, itampasa mtu mzima kumweleza.

Mpane aliongeza kazi nyingine ya kuelekeana na kichwa kile: fuvu la Lusinga. Jina hili laweza kuwagusa wasomaji wa pande za Tanganyika. Lusinga alikuwa mtemi wa Watabwa, karibu na Mpala ukingoni mwa ziwa. Mwaka 1884 watu waliotumwa na Luteni Émile Storms walimwua na kumkata kichwa, na fuvu lake likachukuliwa mpaka Ubelgiji, pamoja na sanamu ya mti ya utemi wake. Mwaka uliofuata Mapadre Weupe walikabidhiwa kituo cha Mpala, na mengi yaliyoandikwa katika historia ya Misioni yaanzia hapo. Habari ya Lusinga huachwa nyuma mlangoni. Sanamu ya kichwa cha Storms ilisimama katika bustani moja ya mji wa Brussels kwa miaka mingi, ikaondolewa mwaka 2022. Lusinga sasa ana sura yake chini ya kuba, na jina lake.

Lakini kazi iliyonishika kuliko zote haina sura kabisa. Ni ya Freddy Tsimba, yeye naye wa Kinshasa, na iko katika ukumbi ule wa majina 1,508. Mwaka 1897, kabla ya jumba kujengwa, Wakongo 267 walipelekwa Tervuren kwa ajili ya maonyesho makubwa, wakakalishwa katika vijiji vya kuigiza bustanini ili watu waende kuwatazama. Saba hawakurudi, walikufa huko kwa maradhi. Tsimba aliyaandika majina yao juu ya vioo vya madirisha, upande wa pili wa ukumbi. Jua likiwaka, vivuli vya majina hayo huvuka sakafu, hupanda ukuta, na kulala juu ya majina ya Wabelgiji. Wingu likipita, hufutika. Jua likirudi, nayo hurudi, lakini si mahali pale pale, maana kivuli husogea na saa.

Wenyewe wamezikwa nje ya kanisa la parokia ya Tervuren, la Mtakatifu Yohane Mwinjili, mwendo mfupi kutoka jumbani. Mawe ya makaburi ni saba, yamelala sambamba kando ya ukuta, na kila moja lina jina: Ekia, Kitukwa, Mibange na wenzao wanne. Hakuna mlango wa kulipia wala mlinzi. Jiwe ni la kawaida, la rangi ya kijivu, na herufi zake zasomeka.